Neno Ambalo Mlinzi wa Kikale Hakulisema

Wanaokuja siku hizi kukiona kilima hushuka Omurushaka, huuliza njia dukani, na mwenye duka, kwa uvivu wake, huwaelekeza kwangu. Hunikuta kibarazani, miguu imevimba, nimeitumbukiza kwenye karai la maji ya moto, nao huniomba niwapandishe. Siwapandishi. Nimechoka. Kilima kile nimekipanda zaidi ya miaka ishirini nikiwa karani na mkalimani wa boma, na kila nilipokipanda alikuwapo mtu mbele yangu aliyeijua njia. Mtu huyo hayuko tena kule juu. Mimi nilikuwa mdomo wake tu, na mdomo wenyewe, kama mtakavyosikia, haukuwa mwaminifu.

Tulimwita Mlinzi. Jina alikuwa nalo, na watu wa Nyakakika walilijua, ila sikuwahi kusikia mtu akimwita kwalo uso kwa uso. Habari za kuzaliwa kwake sina. Siku nilipomwuliza ukoo wake, nikitaka kuujaza kwenye fomu, alinijibu, "Andika mlinzi. Mlinzi hana ukoo, ana zamu." Nikaandika hivyohivyo, na karani mkuu akanikaripia mbele ya matarishi.

Alichokilinda ni kikale. Kikale ni makao ya mfalme, na mfalme kwa Wanyambo, kama kwetu Wahaya, ni Mukama. Juu ya kilima kile wafalme wa Karagwe walikaa mmoja baada ya mwingine, kabla ya bendera yoyote kuletwa nchini. Sasa wageni, hasa Wazungu, wakisikia habari za ngome ya mfalme juu ya kilima hutarajia kuona mawe. Kwao mfalme hujengewa kwa mawe. Kwetu alijengewa msonge wa matete na nyasi, mrefu kuliko mgomba wowote, na nyumba ya nyasi ikikosa mwezekaji huanguka, hata kama aliyelala ndani alikuwa na ng'ombe wa kufunika bonde. Basi mgeni akifika juu, anatweta, shati limemganda mgongoni, huona nini? Miti michache mikubwa, ile ya kutengenezea nguo za magome. Mimea ya omuramura iliyopandwa mstari, kama tunavyopanda kwenye mipaka ya mashamba. Vichuguu vya majivu ya kale. Upepo. Nilimwona mgeni mmoja akikaa chini kwa hasira, akauliza kama kuna kilima kingine.

Mlinzi, yeye, aliona milango. Ilikuwa mitano kutoka chini hadi juu, na kila alipofika penye mlango usiokuwapo, aliinama. Aliinama kabisa, mkono mmoja gotini, kisha akanyooka upande wa pili na kukung'uta nyasi ambazo hazikumwangukia. Nasi tuliomfuata tuliinama. Bwana mmoja wa machimbo ya bati kule Kyerwa alikataa, akapita wima kama mlingoti. Mlinzi alisimama.

"Mwambie amejigonga," aliniambia.

Nikamwambia. Yule bwana akacheka. "Nimejigonga wapi?"

"Kichwani. Kwenye mlango. Arudi aingie upya, na aombe radhi."

Nilitafsiri huku nikisali kimoyomoyo. Yule bwana alitutazama, akamtazama Mlinzi aliyekuwa anangoja kwa upole kama mtu anayemngoja mgeni avue viatu, halafu, lo, akarudi, akainama, akaingia. Wakati wa kushuka nilimwona akijipapasa paji la uso.

"Nyumba haianguki," Mlinzi alipenda kusema. "Watu ndio huacha kuingia."

Kila mlango ulikuwa na habari zake, na hakuzichanganya hata siku moja, wala hakuzifupisha, hata mvua ikinyesha. Wa kwanza ulikuwa wa ng'ombe, waliopokelewa hapo na kutajwa kwa rangi zao, mmoja mmoja. Wa pili ulikuwa wa watu wa pwani, waliokuja na shanga na nguo wakitafuta pembe za ndovu, wakakalishwa hapo mpaka Mukama apende kuwaona. "Walikaa wapi?" wageni waliuliza. "Hapo ulipokanyaga," Mlinzi aliwajibu, nao wakaruka kando. Wa tatu ulikuwa wa ngoma. Wa nne ulikuwa wa ng'ombe wadogo wa chuma waliofuliwa na wahunzi wa Mukama, pembe zao nyembamba kama mabua, pamoja na mikuki yake. Wa tano nitaufikia. Vitu hivyo havikuwapo tena. Vilihamishwa, vingine kwa amri, vingine kwa mikono ambayo hakuna aliyeiandika. Mlinzi hakusema vimepotea. Alisema viko safarini.

Na hapo ndipo ilipoanzia taabu yangu yote. Kikale kina lugha yake. Kitu cha Mukama hakipotei, kiko safarini. Nyumba yake haikuungua, imepumzika. Yeye mwenyewe haumwi, anasikia baridi. Na hafi. Neno kufa halimgusi Mukama, wala neno kaburi. Mukama hulala. Anayesema vinginevyo amemwua kwa mdomo wake, na zamani aliyemwua Mukama kwa mdomo alijua malipo yake ni nini.

Mimi hayo sikuyajua. Nimezaliwa Muleba, nikalelewa misheni kwa Walutheri, ambako mtu akifa kengele inalia, mchungaji anasema amekufa, na wote tunaelewa. Kihaya na Kinyambo ni lugha ndugu, kwa hiyo boma waliponileta Karagwe nilijiona bingwa. Bingwa! Nilijua Kihaya cha jikoni na cha kanisani. Cha kikale sikuwahi kukisikia.

Mwaka wangu wa kwanza, Bwana Shauri wa wakati ule, yaani mkubwa wa wilaya, alipanda kilima ili achore ramani ya kikale. Tuliinama milango yote mitano. Baada ya wa tano pana uwanja mdogo wa mviringo, tambarare, chini ya ile miti mikubwa. Mlinzi alivua kofia yake, akachuchumaa, akasema kwa sauti ya chini, "Mukama amelala hapa."

Nami nikatafsiri kwa ufasaha: hapa ndipo mfalme alipokuwa akilala. Bwana Shauri akaandika kwenye ramani: chumba cha kulala.

"Ameandika?" Mlinzi aliniuliza.

"Ameandika, Tata," nikajibu, maana ndivyo tunavyomwita baba.

"Vizuri sana. Sasa hakuna atakayepagusa." Akafungua kifuko chake, akanipa buni za kutafuna, zile zilizochemshwa na majani, kama anavyopewa mgeni wa heshima. Nilizitafuna njia nzima ya kushuka, nikijisifu.

Msidhani alikuwa mtu wa kale tu, mkavu kama ngozi ya ngoma. Jumapili alikwenda kanisani. Alikaa karibu na mlango, akaimba nyimbo zote kwa sauti, na nilipomwuliza anawezaje kuwatumikia mabwana wawili alinishangaa. "Kwani huko nako si mlinzi anahitajika?" Aliwafukuza mbuzi wa watu kilimani kwa mawe na matusi mazito, na mbuzi wake mwenyewe alimkuta anakula omuramura wa mlango wa tatu, akasema, "Huyu amezoea, ni mtu wa ndani." Alikuwa na mwavuli mweusi ambao hakuufungua hata siku moja, kwa sababu kiongozi wa kikale hajifuniki, basi aliubeba kwenye mvua akilowa, na kwenye jua akiutumia kama fimbo. Mkewe alimcheka waziwazi. Mkewe alimcheka kwa mambo mengi, naye Mlinzi hakufanya uamuzi wowote bila kumwuliza kwanza.

Karatasi alizidharau. Alisema karatasi ni mtu asiye na macho, unaweza kumwambia lolote. Hata hivyo kila karatasi ya serikali aliyoipata, hata ile ya chanjo ya ng'ombe, aliikunja na kuitia kwenye kopo la biskuti, na kopo akaliweka juu ya kichwa cha kitanda. Hakujua kusoma. "Siziweki nizisome," alisema. "Nazilinda."

Baada ya vita vya pili alikuja Bwana Shauri mwingine, kijana, mpole, mwenye haraka. Alitaka kujenga nyumba ya wageni ya serikali, wakubwa wakitembelea wilaya wapate pa kulala. Alifungua ile ramani ya zamani mezani, kidole kikaenda moja kwa moja juu ya kilima. "Hapa. Tambarare, upepo mzuri. Hata mfalme alipachagua kwa kulala," alisema, akacheka, nami nikacheka kwa sababu nilikuwa kazini. Wiki hiyohiyo fundi akapigilia vigingi na kuvuta kamba kwenye ule uwanja wa mviringo.

Mlinzi hakupigana na mtu. Alipanda, akaingia katikati ya kamba, akakaa. Siku ya kwanza fundi alicheka, ya pili akanyamaza, ya tatu akaja bomani kushtaki. Nami nikasema, mzee amepata uchizi wa utu uzima. Mungu anisamehe, nilisema hivyo.

Ni mkewe aliyenizindua. Alikuja bomani kwa miguu, amelowa hadi magotini, akakataa kukaa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, karani. Mume wangu amekaa juu ya kaburi la Mukama, naye hawezi kuwaambieni."

"Kaburi gani? Pale ni chumba cha kulala. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia."

Alinitazama muda mrefu, kama unavyomtazama mtu mzima aliyejikojolea. "Wee karani, hukulelewa? Alikuambia amelala. Ulitaka akuambie nini? Mimi si mtu wa kikale, mdomo wangu ni wa jikoni, ndiyo maana nakusemea. Yeye hatalisema. Atakaa pale na mvua mpaka afe, na hatalisema."

Miaka yote ile nilimwona mtu akiinama kwenye milango isiyokuwapo, na sikuwahi kujiuliza mle ndani mlikuwa na nani.

Nilikwenda kwa Bwana Shauri, nikamweleza nusu ya ukweli, kwamba huenda pana kaburi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kama pana kaburi nyumba itahamishwa, hakuna ugomvi. Ila ramani inasema chumba, kwa hiyo anataka kulisikia neno lenyewe kutoka kwa mlinzi mwenyewe, barazani, na dole gumba lake kwenye karatasi. Alitoa siku nne.

Nikapanda kilima peke yangu. Niliinama milango mitano. Nilimkuta katikati ya kamba, mwavuli umelala kando yake, midomo imekauka.

"Tata, sema neno moja tu. Sema ni kaburi. Wataondoka."

"Sisemi."

"Usiposema watachimba."

"Wakichimba, wamechimba wao. Nikisema, nimemwua mimi." Alipumua. "Karani, nimemlinda tangu meno yangu yote yapo. Unataka nimwue kwa sababu ya nyumba ya wageni?"

"Basi niambie nifanye nini."

"Wewe ni mdomo. Nitakachosema, kiseme."

Baraza lilifanyika kulekule kilimani, na watu walijaa hadi mlango wa pili. Bwana Shauri alikaa kwenye kiti cha kukunja, Mlinzi akasimama mbele yake, mimi katikati. Swali likaja: je, mahali hapa pana kaburi? Nikamtafsiria. Mlinzi akatikisa kichwa, akasema kwa Kinyambo, polepole, ili nisikosee, "Hapana kaburi hapa. Mukama hana kaburi. Mukama amelala."

Nikamgeukia Bwana Shauri, nikasema kwa Kiingereza changu chote: ndiyo bwana, anasema kaburi lipo, na mfalme aliyekufa amezikwa ndani yake.

"Mbona anatikisa kichwa?"

"Anasikitika, bwana."

Wanyambo waliokuwapo hawakujua Kiingereza, na Bwana Shauri hakujua Kinyambo. Kati ya watu wale wote nilikuwa mwongo peke yangu. Niliandika ushahidi kwa Kiswahili, kwa mwandiko mzuri: Mimi, mlinzi wa kikale, nathibitisha kwamba mfalme amekufa na hapa ndipo kaburi lake lilipo. Bwana Shauri akaamuru nimsomee mzee kwa lugha yake kabla hajaweka dole. Nikaishika karatasi, nikaitazama mistari ile, nikasoma kitu kingine. Nilisoma: Mukama amelala hapa, asiamshwe.

Mlinzi alisikiliza hadi mwisho. Akaitikia kwa kichwa, akanipa mkono wake, nami mwenyewe nikalishika dole gumba lake, nikalitia wino, nikalikandamiza.

Vigingi viling'olewa jioni ileile, na nyumba ya wageni ikajengwa chini, karibu na barabara. Watu walikuja kwa Mlinzi na vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Alinishika bega mbele yao akasema, "Mdomo huu ulikuwa na kasoro, sasa umepona." Nikanywa pamoja nao.

Wazee wetu walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilimfanya mtu ajikwae vyote viwili kwa siku moja bila yeye kujua. Nilijipa moyo kwamba hatajua kamwe. Nilisahau kwamba boma hupeleka nakala. Nakala ilipelekwa kwa Mlinzi, akaikunja, akaitia kwenye kopo la biskuti pamoja na ile ya chanjo ya ng'ombe.

Miaka ikapita. Binti yake mkubwa, mama wa watoto wanne, akajiunga na darasa la watu wazima kanisani. Alipojua kusoma, alimwambia baba yake, leo nakusomea kopo lako lote. Mlinzi alifurahi mno, aliita majirani. Walisomewa chanjo, wakasomewa kodi ya kichwa, wakasomewa onyo la moto wa nyika. Halafu ile.

Binti alinisimulia kwamba baba yake hakupiga kelele. Alimwomba arudie. Akarudia. Akamwomba amwonyeshe alama ya dole, akaweka dole lake juu yake kulinganisha. Kesho yake hakupanda kilima, wala kesho kutwa, wala tena. Wageni walipokuja aliwaambia kilima hakina mlinzi. Watoto wakaanza kulisha mbuzi mpaka mlango wa tano, na hapakuwa na mtu wa kuwarushia mawe.

Ilinichukua miezi kupata ujasiri wa kwenda kwake. Nilikwenda mchana, nikamkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye majani ya migomba, mkewe anamenya ndizi. Alikuwa amekonda. Dole gumba lake la mkono wa kulia lilikuwa limefungwa kwa kipande cha nguo ya magome, kile tunachowafunikia maiti, kimefungwa vizuri, na uzi juu yake. Chakula kilipoletwa, mkewe alimkatia matonge na kumwekea kiganjani, maana vidole vinne havichoti.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Kaa. Kula."

Sikula. Nilisema nimekuja kuomba radhi. Nilisema yote, hata yale aliyoyajua: ramani, chumba, Kiingereza, karatasi. Nililia, mtu mzima na soksi zangu za karani. Mkewe aliendelea kumenya ndizi.

"Uwanja hawakuugusa?" Mlinzi aliniuliza nilipomaliza.

"Hawakuugusa, Tata. Mpaka leo."

"Vizuri." Akatafuna. "Siku ile ungeniuliza nichague kipi, uwanja au neno, ningechagua neno. Wangechimba, na mimi ningekaa kimya nikiwatazama."

"Najua. Ndiyo maana sikukuuliza."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. "Basi ulimlinda kuliko mimi. Na ulimwua kuliko mtu yeyote. Nitakuchukia lini, karani? Sina nguvu hata ya hilo."

Nilimsihi arudi kilimani, walau amwonyeshe mtu mwingine milango. Alikataa. Alisema mwenye mkono uliomwua Mukama hapiti mlango wa kwanza, hata akiinama mpaka chini. Nilipoinuka kuaga aliushika mkono wangu kwa vidole vyake vinne.

"Mimi si Mukama," alisema. "Mimi ni mlinzi. Zamu yangu ikiisha, watu watakuja kwako, kwa sababu wewe ndiye unayeandika. Usiwaambie nimelala. Umesikia? Mara moja tu katika maisha yako, sema habari zangu kama nilivyokuambia."

Mkewe aliweka kisu chini. "Mwitikie," aliniambia.

"Nimesikia, Tata," nikasema.

Amekufa. Alikufa mwanzoni mwa msimu wa senene, akazikwa mgombani kwake, na kaburi lake lipo.